Risasi Yenye Alama Tatu

Tangu nirudi Morogoro, kila anayekuja kuchukua godoro lake hapa Kihonda anakaa juu yake kwanza, kisha ananiuliza, "Haya Zuhura, huko Amerika kukoje?" Nimechoka kusimulia vipande vipande. Mmoja nilimwambia habari za mto, mwingine habari za nyama, na wa tatu amekwenda kutangaza kwamba nimekutana na mashetani. Basi naandika mara moja, msome wenyewe, mniache nishone. Mambo ya viza na tiketi siyaelezi. Yanachosha, na hakuna kilichotokea humo.

Kwa wasiotujua, nianze na kilichonipeleka. Babu yangu Selemani alikuwa mbeba bunduki wa mwindaji mmoja Mwingereza ambaye watu wa kambini walimwita Bwana Miwani. Masika moja, enzi za ukoloni, nyati alimjia Bwana Miwani, naye akafyatua bunduki. Ikalia ta! Basi. Haikutoka kitu, na kabla hajavuta mtutu wa pili nyati akamuua palepale. Ikasemwa kwamba Selemani alimpa risasi mbovu. Hakuna mwindaji aliyempa kazi tena, na yeye hakujitetea hata siku moja mpaka tulipomzika. Sisi wajukuu tumekua tukiitwa watoto wa Ta. Shuleni nikipita, wenzangu waligonga ulimi, ta! Nina miaka hamsini na mbili, na bado mtu akibonyeza kalamu nyuma yangu nageuka.

Masika hiyohiyo, kambini, alizaliwa baba yangu. Mvua ilikuwa haijakatika kwa siku kadhaa na hakuna ukuni uliokubali kushika moto. Bibi alikuwa akisema baridi ilishamfika moyoni na mtoto alishaanza kubadilika rangi, ndipo babu akapata moto. Aliupata vipi, Bibi hakusema. "Babu yenu alikuwa na dawa ya moto," basi, anaendelea kuchambua mboga.

Jambo lingine ni alama. Babu hakujua kusoma. Vitu vyake alivitia mikato ya kisu, na nyumba nzima ikafuata. Mpaka leo kwa Shangazi Mwajuma, dada mkubwa wa baba, kifuniko cha mafuta ya kula kina alama moja, cha mafuta ya taa kina mbili. Alama tatu maana yake usiguse: ni sumu ya panya au dawa ya shamba. Unapapasa kwa ukucha gizani na hukosei. Hata magunia yangu ya sufi nayatia alama hizo, na wasaidizi wangu wananicheka.

Sasa, binamu yangu Rajabu anaishi Texas, mji wa Euless, anafanya kazi ya mizigo uwanja wa ndege. Siku moja aliona picha kwenye kundi la WhatsApp la Waswahili wa huko. Muuguzi Mkenya aitwaye Wambui ndiye aliyeiweka. Ilikuwa picha ya sanduku la ngozi la bunduki, na ndani ya kifuniko pameandikwa kwa wino, *Selemani Mkomwa, Kilosa*. Mwenye sanduku alikuwa mzee wa Kimarekani aliyewahi kulazwa wodini kwake, mkusanyaji wa bunduki za kale za Kiingereza, na alitaka kujua jina lile ni la nani. Alisema ndani mna risasi kumi na tatu za wakati ule, na moja imegongwa lakini haikulia.

Nilipeleka habari kwa Shangazi. Anakaribia miaka tisini na siku hizi hatoki kitandani. Nilidhani atalia. Aliniuliza tu, "Hiyo iliyogongwa ina alama ngapi?"

Nikasema picha haionyeshi.

"Baba yako ameshakufa," akasema. Nilishangaa, maana baba alifariki miaka miwili iliyopita na Shangazi mwenyewe alikuwepo. "Nenda ukaishike. Simu haina ukucha. Nami nitakusubiri, sifi."

Ndiyo safari yenyewe. Nilivuka bahari kwenda kupapasa risasi.

Mto wangu ukaguliwa Dallas

Nilimbebea Rajabu mto wa sufi, niliojaza kwa mkono wangu, maana alilalamika kwamba mito ya huko inamvunja shingo. Pale Dallas, baada ya saa nyingi za ndege ambazo sikulala hata kidogo, mto ule ulipita kwenye mashine ukarudishwa, ukapita tena. Akaja ofisa wa kike, mrefu, mpole, akaniuliza ndani mna nini.

"Sufi," nikasema.

Akauliza ni mnyama gani. Nikasema si mnyama, ni mti. Akaandika. Akauliza una mbegu? Nikaona nimetukanwa. Miaka thelathini nachambua sufi, leo niulizwe kama nimeacha mbegu! Nikamwambia aufumue atazame. Aliufumua kweli. Aliingiza mkono mpaka kiwiko, akanusa vidole vyake. Halafu akasema kitu ambacho baadaye nilimwomba Rajabu anieleze vizuri kama nilisikia sawa: kwamba mto unanuka moshi.

Haukunuka moshi. Niliushona ndani ya duka langu ambamo hata jiko halipiti. Lakini alinirudishia, na uzi wangu na sindano butu ya plastiki aliyoitoa sijui wapi, nikaushona nikiwa nimekaa sakafuni na watu wananivuka. Saa mbili zilikwenda hivyo.

Euless

Rajabu alinikumbatia mpaka miwani yangu ikapinda. "Da' Zuhura, pole, nilikuwa nime-park mbali, nika-panic, nikajua wamekurudisha!" Tulipofika kwenye gari akalifungua kwa kile kidude chake. Ta! Niliruka. Alinicheka, halafu akanyamaza, maana na yeye ni mtoto wa Ta.

Euless ni nyumba za kupanga zilizopangana, na ndege zinapita karibu na mapaa kiasi kwamba unaona matumbo yake. Binti yake wa miaka tisa nilimsalimia kwa Kiswahili akanijibu kwa Kiingereza, na tukaelewana hivyo siku zote mbili. Siku mbili hizo hazikuwa kwenye mpango. Zamu ya Rajabu ilibadilishwa, ikabidi tungoje. Tulikula wali, maharage ya kopo na mchicha wa kugandishwa ambao ulikuwa na ladha ya maji ya mchicha.

Asubuhi ya pili nilitoka kutembea. Mbele yangu barabara safi, majani yamekatwa, nyumba zimefungwa, na hakuna mtu. Nilitembea nusu saa bila kuona binadamu anayekwenda kwa miguu. Gari likasimama, mama mmoja akashusha kioo akaniuliza kama niko salama, kama kuna mtu wa kumpigia simu. Nikasema natembea tu. Alinitazama kama mtu anayetazama kitu kilichotoka mahali pake. Nilirudi ndani haraka. Kwetu nikitembea nusu saa nimeshasalimia watu arobaini, na ukimya ule ulinifanya nijisikie kama mimi ndiye mzuka.

Barabara ya Houston

Tulianza saa tatu asubuhi. Rajabu alisema ni mwendo wa saa nne, tukatumia saba. Kwanza alisimama kwenye kituo cha mafuta kikubwa kuliko soko letu, akaninunulia nyama ya ng'ombe iliyopikwa kwa moshi tangu jana yake. Nikamuuliza imechinjwa na nani.

"Dada, ni ng'ombe, I promise."

"Sikuuliza ni nini. Nimeuliza nani kachinja."

Alikuna kichwa, akaila yeye, mimi nikala mkate na achari ya matango. Lakini harufu ya moshi wa kuni ilikaa ndani ya gari njia nzima, na nikasema moyoni kwamba sasa angalau harufu hii ina sababu.

Kisha tairi lilipasuka, katikati ya malisho, hakuna nyumba. Rajabu alihangaika na jeki. Upande wa pili wa waya kulikuwa na ng'ombe wapata thelathini, weusi, na wote walikuwa wamesimama wakitutazama. Hakuna aliyekula. Hakuna aliyepunga mkia. Niliwapigia makofi hawakutikisika. Nimeona ng'ombe maisha yangu yote, na sikupenda namna wale walivyosimama.

Akaja mwanamume kwa gari la mizigo, kofia pana, bastola kiunoni hadharani. Nikatamka shahada yangu. Yeye akavua kofia, akaniita mama kwa heshima, akatupa maji ya baridi, akamsaidia Rajabu kufunga tairi, akaondoka bila kutaja jina. Alipokuwa anaondoka nilitazama nyuma. Ng'ombe walikuwa wanakula.

Alief

Wambui anakaa Alief, upande wa Houston ambako unaweza kununua unga wa ugali, dagaa na kitenge katika duka moja. Ni mwanamke wa miaka arobaini hivi, mcheshi, mwepesi wa mikono. Alitupikia chapati na sukuma, na kuku aliyeapa kwamba ni wa halali, "nimetoa kwa Msomali pale corner, Auntie, kula bila stress."

Tulipomaliza kula akaacha ucheshi.

"Huyo mzee ni mtu poa sana. Bwana Dale. Alikuwa anatengeneza meno ya bandia kabla a-retire. Lakini acha nikwambie kitu, Auntie. Akiwa kwa wodi, akishapewa dawa ya kulala, alikuwa anagonga ulimi. Ta. Anangoja kidogo. Ta. Night nzima. Mimi nikadhani ni dawa. Halafu nikasoma vile Rajabu aliandika kwa group, ati nyinyi mnaitwa watoto wa nini, nikaskia baridi."

Rajabu akasema labda twende msikitini kwanza. Nikamwambia tutakwenda, lakini risasi nitaishika.

Pearland, siku ya kwanza

Nyumba ya Bwana Dale iko Pearland, nje kidogo ya Houston, kwenye mtaa mtulivu wa watu wanaofanya kazi hospitalini. Ni mzee mwembamba, mjane, mwenye sauti ndogo na vidole safi kuliko vyangu. Aliniinamia, akanishukuru kuja, akatupeleka kwenye chumba chake cha kazi. Wambui alisita mlangoni, akaingia kwa sababu ilibidi mtu atafsiri. Rajabu alibaki sebuleni.

Vichwa vya wanyama vilikuwa ukutani pande zote, na macho yao ya kioo. Chini yake meza, mizani midogo, makopo ya baruti yaliyofungwa, kalibu za chuma za kubania maganda ya risasi. Na juu ya taulo jeupe, bunduki ya mitutu miwili. Miaka yote nimeiwaza kubwa, ya kutisha. Ilikuwa nyembamba, nzuri, kitako chake kimelainika pale palipokuwa na mikono. Nilijua mkono mmoja ulikuwa wa nani. Nililia, sioni haya kusema.

Bwana Dale alingoja nimalize, kisha akaeleza kazi yake kwa utaratibu wa mtu aliyeizoea. Risasi za bunduki hizi hakuna kiwanda kinachozitengeneza tena. Na zilikuwa za aina nyingi, nyingine ni kama ndugu wawili wanaofanana, mmoja amemzidi mwenzake unene wa ukucha. Maandishi ya mtutuni yalikuwa yamefutika. Basi yeye aliyeyusha madini laini, yale yasiyohitaji moto mkali, akayamimina nyuma ya mtutu mahali risasi inapokaa, yakaganda, akayasukuma nje. Akanipa niyashike. Kilikuwa kitu cha kijivu, kizito, kama kidole. "Anasema hii ndio shape ya giza ya ndani," Wambui akatafsiri, kisha akaguna, "Aki huyu mzee!"

Kwa kipimo cha kidole kile alijua ni risasi gani. Akachukua maganda mapya ya aina nyingine, mazito zaidi, akayakata na kuyabana kwenye kalibu mpaka yakawa ya kipimo kile. Alinionyesha sita alizomaliza. Nafasi iliyobaki juu ya baruti aliijaza pamba ya plastiki ili baruti isicheze. Nikamwambia hiyo pamba ni takataka, kwetu tungetia sufi. Alicheka, akasema wazee wa kazi hii walitumia sufi kweli, lakini hajui aipate wapi. Nikamwambia iko ndani ya gari, ndani ya mto ambao Rajabu hauachi hata safarini. Rajabu alikuwa sebuleni, hajui kwamba mto wake unapunguzwa.

Ndipo akaleta zile kumi na tatu. Kumi na mbili alizisimamisha mstari. Ya kumi na tatu, iliyogongwa, aliiweka peke yake chini ya kikombe cha kioo. Nikauliza kwa nini.

Alisita. Wambui alisikiliza, akanitazama bila kutafsiri.

"Sema."

"Anasema akiiweka na zingine, asubuhi anapata imeanguka. Hiyo tu. Zingine zimesimama."

Bwana Dale akaongeza jambo jingine, kwa aibu kidogo. Kwenye ukingo wa kila risasi kulikuwa na mikato midogo. Kwa miaka mitatu ameipima, ameichora kwenye daftari, amewaandikia wataalamu. Mmoja alisema ni alama ya kiwanda, mwingine alisema bunduki imekwaruza. Akanifungulia daftari, kurasa na kurasa.

Sikulitazama. Nilifumba macho, nikachukua risasi ya kwanza, nikapitisha ukucha.

"Moja," nikasema, kwa hesabu ya risasi ambayo Babu alitufundisha. "Hii ni ya simba."

Ya pili. "Mbili. Hii ya nyati na tembo."

Wambui akatafsiri. Bwana Dale akazitazama ncha za zile risasi na kukaa chini polepole. Zenye alama moja zilikuwa na ncha laini, ya kupanuka kwenye nyama. Zenye mbili zilikuwa ncha ngumu, ya kupasua mfupa. Nilipita zote kumi na mbili bila kufungua macho, na sikukosea hata moja. Nilisikia pumzi ya mtu karibu na sikio langu la kushoto, pumzi fupi ya mtu anayesahihisha hesabu za mtoto. Nikadhani ni Wambui. Nilipofungua macho Wambui alikuwa mlangoni.

Bwana Dale akainua kikombe cha kioo. Hii nilitaka niishike macho wazi. Ilikuwa na ncha ngumu, fataki yake, kile kitufe cha nyuma kinachowasha baruti, imebonyea katikati. Nikapitisha ukucha. Moja. Mbili. Nikasimama hapo, nikaomba iishe hapo. Risasi sahihi iliyokosa kulia kwa bahati mbaya, basi, babu hana kosa, nirudi nyumbani.

Tatu.

"Auntie? Ni ngapi?"

"Tatu," nikasema. "Usiguse."

Nilimwomba Bwana Dale aifungue. Alikataa, kwa upole lakini alikataa. Ikishafunguliwa haifungiki tena, na duniani ipo hiyo moja. Nilimwelewa. Hata mimi nisingempa mtu mkasi akakata kitu kama hicho. Alisema atafikiri mpaka kesho.

Usiku, nyumbani kwa Wambui, nilimpigia Shangazi. Huko kwake kulikuwa asubuhi, nasikia kuku.

"Alama ngapi?"

"Tatu, Shangazi."

Akasema, sauti yake imebadilika, "Mwambie mwenye nayo, mtoto wa Selemani anaomba ifunguliwe."

Pearland, siku ya pili

Mvua ilianza kabla hatujavuka mji. Kufika kwa Bwana Dale saa tano asubuhi ilikuwa giza, maji yanapita barabarani, na umeme ulikatika tulipokuwa tunavua viatu. Wambui alimpa mzee ujumbe wa Shangazi, neno kwa neno. Alisikiliza, akatazama dirisha linalopigwa na mvua, akasema, "Yes, ma'am," kama vile Shangazi yuko mbele yake.

Alitupa miwani ya kukinga macho. Wambui na Rajabu walishika simu zao zimulike. Mzee alikuwa na kifaa kama nyundo ya plastiki. Risasi inafungwa ndani ya kichwa chake, unagonga juu ya gogo, na ncha inajivuta nje. Kabla ya kuanza akaitazama tena shingo ya ganda kwa kioo cha kukuzia. Pale palikuwa na michubuko aliyodhani ni ya kuanguka. Sasa alisema ni meno ya koleo. Risasi hii iliwahi kufunguliwa na kubanwa tena.

Aligonga mara moja. Mara ya pili. Mara ya tatu ncha ikaanguka.

Kwa kawaida, alisema, zinatoka baruti za vijiti, rangi ya asali, kama tambi. Aliinamisha ganda juu ya karatasi nyeupe. Hakikutoka kijiti hata kimoja. Alichukua kibano cha meno, akavuta, na ikaanza kutoka kitu cheupe, taratibu, zaidi ya nilivyodhani ganda lile lingeweza kubeba.

Sikuhitaji kuambiwa. Ilikuwa sufi, iliyochambuliwa kwa mkono, haraka, bado ina vipande vya ganda la mbegu. Ilikuwa imeviringishwa vijidonge vidogo vidogo, kama mtoto anavyoviringisha ugali kabla ya kula. Ya mwisho, iliyokaa chini kabisa, ilikuwa nyeusi. Fataki iliwaka, alisema Bwana Dale, ikakuta hakuna baruti ya kuwasha.

"Mnaskia?" Wambui akasema.

Sote tulisikia. Harufu ya kuni mbichi zinazowaka, ile inayochoma macho. Bwana Dale alitoka kukagua jikoni, na chumba cha gari, na juu ya dari. Alirudi akatikisa kichwa. Nyumba nzima ilikuwa ya baridi na umeme hakuna.

Rajabu akauliza, sauti yake ndogo, "Hivyo vijiti, mtu angevi-use kwa nini kingine?"

Mzee alijibu bila kujua anachosema. Vinawaka kama mshumaa, alisema, havijali unyevu, na askari wa zamani walivitumia kuchemshia chai kwenye mvua.

Nilikaa sakafuni. Dawa ya moto. Baba yangu wa bluu kwenye mikono ya Bibi. Babu hakuwa na kitu kikavu kambi nzima isipokuwa kilichofungwa ndani ya risasi za bwana wake, akachukua moja. Akaijaza, akaibana, akairudisha ili hesabu itimie. Akaitia alama ya tatu ili mkono wake usije ukaichukua kamwe.

"Basi yeye hakumpa," Rajabu akasema. "Da' Zuhura, anayejua kusoma alama asingeichukua."

Nilitaka sana iwe hivyo. Lakini mimi si hakimu, na aliyekuwepo alikuwa bado hai, ananisubiri.

Bwana Dale alikuwa amepanga kuzipiga zile sita mpya siku hiyo, aisikie bunduki ikilia. Hakuna aliyemkumbusha habari hiyo. Aliikusanya ile sufi yote kwa kibano, akaiweka ndani ya bahasha, akanikabidhi kwa mikono miwili. Kisha akalirudisha ganda tupu mstarini, pamoja na zile kumi na mbili. Wambui ameniandikia tangu hapo. Anasema halijaanguka tena.

Nyumbani

Kurudi sisimulii. Nililala njia nzima.

Shangazi alikuwa ameketi, amevalishwa kanga safi. Hakunisalimu. Alinyoosha mkono, nikampa bahasha. Alitoa vile vijidonge kimoja kimoja, akaviviringisha katikati ya vidole, na vidole vile vya mtu wa karibu miaka tisini vilikuwa vinajua kazi.

"Ni yangu," akasema. "Nilijaza mimi."

Nikaketi ukingoni mwa kitanda.

"Nilikuwa na miaka sita. Mama alikuwa ameshaacha kutetemeka. Baba alitoa zile tambi nikazishika kwa mikono miwili, akazichukua akawasha. Akaniambia, fungua mto wa mtoto, toa sufi, jaza isitikisike. Bwana akizihesabu huzitikisa. Nikajaza. Nilijaza vizuri mno."

"Na siku ya nyati? Babu ndiye aliyempa?"

"Siku ile Baba alikuwa kwetu, amempakata baba yako. Bwana hakutaka kumsubiri. Akachukua mkoba wa risasi mwenyewe, akaenda. Alikuwa anasoma vitabu, yule, lakini ule ukingo hakujua kuusoma."

"Shangazi, mmetukanwa miaka yote hii! Babu amekufa na jina lile! Kwa nini hamkusema?"

"Tuseme nini? Wangeuliza baruti ilikwenda wapi. Baba alisema mtoto asijue kwamba moto wake ulimuua mtu. Akanitaka nisubiri mpaka baba yako aondoke kwanza. Nikasubiri." Akafuta macho kwa ncha ya kanga. "Nilikuwa naomba tu iwe na alama mbili. Iwe nyingine. Miaka yote naomba iwe nyingine."

Nilimshika tu. Baadaye aliniomba nifumue mto wake niitie ile sufi ndani, nikafanya hivyo, nikaushona kwa mshono mdogo kabisa ninaoujua. Analalia huo mpaka leo.

Juzi alikuja dukani mteja mmoja niliyesoma naye, anayenitania tangu darasa la pili. Alisimama mlangoni, akagonga ulimi, ta!

"Abee," nikamwitikia, kama mtu aliyeitwa jina lake.